Yowe la Tulia

Mzee Ambindwile wa Masukulu alizikwa na macho ambayo hayakuwa yake tena. Alikuwa amekwisha kuyatoa, kwa kinywa chake mwenyewe, akili zake zikiwa timamu, na aliyepewa ni Atuganile, mke wa mwanawe Ackson. Aliyemnyima ni Tulia, binti wa mzee. Hakumnyima kwa kupigana wala kwa wizi. Alimnyima kwa kupiga yowe, na yowe lilipoonekana halitoshi, akaongeza uongo juu yake. Watu wa pale wanajua nusu ya habari hii, na hiyo nusu wanaisimulia vibaya.

Tulia hakuzaliwa mbaya. Alizaliwa nyuma ya Ackson, katika nyumba ile ile iliyozungukwa na migomba na mibuni, akakua msichana mwepesi wa miguu, wa kutumwa. Akaolewa Matwebe. Mtoto hakupatikana, na mume hakuwa na subira. Akarudishwa kwa baba yake akiwa na fungu la vitenge kichwani na sufuria mbili. Mzee hakumuuliza kitu. Alimwangalia tu, akasema, "Jiko lako liko pale pale ulipoliacha." Tulia akaingia jikoni, akawasha moto, na tangu siku hiyo akawa mpishi wa baba yake, mfuaji wake, na kinywa chake.

Kinywa, kwa sababu hii. Kwa Wanyakyusa wa umri ule, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Hamtaji jina, hali naye, haingii alimo. Wakielekea kukutana njiani, mke hutoka njiani, hujibanza migombani na kugeuza uso mpaka mzee apite. Mzee naye ana wajibu wake: akifika penye kona lazima akohoe, ili mkwe asishtukizwe. Wenyewe wanaita ukutila. Anayeona kwa mbali atasema ni woga, lakini ni heshima, na ina uzito wake pande zote mbili. Kwa hiyo mzee na Atuganile walikaa kiwanja kimoja miaka na miaka bila kuzungumza. Mzee akitaka jambo, "Gwe Tulia, mwambie mke wa Ackson." Atuganile akitaka jambo, "Wifi, mwambie tata," yaani baba. Tulia alipeleka na kuleta, na hakuwahi kukosea neno. Wote wawili walimwamini kama mtu anavyouamini ulimi wake.

Basi zikaja zile nyakati biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Tukuyu yaliyokuwa na sabuni moja na vumbi yakajaa vitu, na kila mwenye nguvu akawa mfanyabiashara. Ackson aliacha kungoja ushirika umlipe kahawa yake, akaanza kukusanya ndizi na kuzipeleka Dar es Salaam kwenye malori ya watu, mpaka akapata Fuso lake. Safari moja alirudi na redio ya betri yenye mkanda wa kuning'iniza begani, akampa baba yake. Mzee alifurahi kama mtoto. Tangu hapo hakwenda hata kukagua mgomba bila redio sikioni.

Siku moja ya mpira, Atuganile alikuwa anatoka kisimani na ndoo kichwani. Alisikia redio inakuja, akadhani ni kijana fulani anayetoka mjini. Kikohozi hakukisikia, kwa sababu hakikuwepo. Mzee alikuwa amezama kwenye mpira wake. Wakakutana uso kwa uso penye kona.

Atuganile aliacha ndoo ianguke, akajitupa kwenye mibuni. Mibuni ilikuwa imepogolewa juzi yake, vijiti vimekatwa mshazari, na kimoja kikamwingia kwenye jicho la kulia. Alisimama ameshika jicho, damu inapita vidoleni, na bado alimpa mzee mgongo. Mzee naye alibaki amesimama. Hakuweza kumshika mkono. Hakuweza hata kumuuliza umeumia wapi. Aliweza jambo moja tu, kuita, "Tulia! Gwe Tulia, njoo!" huku mtangazaji redioni anashangilia bao.

Tulia alifika mbio. Alimkalisha wifi yake chini, akachuma majani ambayo bibi yake alimwonyesha utotoni, akayasugua viganjani na kulikamulia lile jicho. Siku zilizofuata akakamua tena, na tena. Jicho likavimba na kutoa usaha, na lilipotulia lilikuwa limefunikwa na weupe kama maziwa ya mgando. La kushoto lilikuwa limekwisha kuharibiwa na surua tangu Atuganile akiwa mdogo. Sasa yote mawili yakawa ya kuonea mwanga tu, kujua kwamba kuna jua, kujua kwamba mtu amepita mbele.

Mzee alijilaumu mpaka akakonda. Redio aliirudisha kwa Ackson, hakutaka kuiona. "Kikohozi tu," alikuwa anasema peke yake kibarazani. "Kikohozi kingenigharimu nini?"

Atuganile alijifunza kupika kwa kupapasa, kusonga ugali kwa kusikiliza sufuria. Hakumlaumu mtu. Kila asubuhi aliuliza kutoka upande wake wa kiwanja, "Wifi, tata ameamkaje?"

*

Miaka ikapita, na ikaja ile miaka mibaya ambayo Mbeya nzima ilikuwa inazungumza habari za wachuna ngozi, waliosemekana kuua watu na kuuza ngozi zao. Mama hakumwachia mtoto atoke peke yake. Watu walisema soko huria limefika mwisho wake, sasa mtu mwenyewe ndiye bidhaa. Katikati ya hofu hiyo ndipo akaja Daktari Anwari.

Alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mcheshi, aliyesomea macho ng'ambo. Aliwekwa kwa muda katika hospitali moja ya misheni huku milimani, na Jumapili moja mchungaji akamruhusu aseme na watu uwanjani baada ya ibada. Nesi Hellen wa Bulyaga alisimama ubavuni pake kuwatafsiria wazee kwa Kinyakyusa.

"Saa yako ikipasuka kioo," daktari aliuliza, "unaitupa saa?"

"Hatuitupi!" watu wakajibu.

"Unafanyaje?"

"Unapeleka kwa fundi!"

"Basi jicho lina kioo chake mbele. Kikichubuka na kuoza, kinakuwa cheupe, mwanga haupiti. Saa yenyewe ndani ni nzima, inatembea! Mimi ni fundi. Nakitoa kioo kilichokufa, naweka kingine. Lakini kioo hicho hakitengenezwi kiwandani. Kinatoka kwa mtu aliyekwisha kufa, ambaye alikubali akiwa hai."

Kisha mama mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Haya! Wachuna ngozi hawajaondoka, sasa wamekuja wachuna macho!" Watu wakacheka, lakini wengine walivuta watoto wao karibu.

"Daktari," mzee mwingine akauliza, "na mimi siku ya ufufuo nitamwonaje Bwana wangu?"

"Aliyekuumba kwa udongo, mzee wangu, atashindwa na kioo?"

Hapo walicheka kicheko cha kweli. Daktari akaeleza bila kuficha. Macho aliyokuwa nayo yaliletwa kwa ndege katika vichupa vya baridi, na yalikuwa machache kama mvua ya kiangazi. Yeye mwenyewe alikuwa bado anachunguza kama macho ya watu wa hapa yanaweza kutolewa hapa, kutunzwa hapa, na kupandikizwa hapa. "Kila jicho mtakalonipa litamponya mtu mmoja au wawili," alisema, "na litamfundisha daktari atakayekuja baada yangu. Mkininyima, atakuja kuanza pale pale nilipoanzia mimi."

Halafu akaongeza jambo ambalo Tulia angependa asilisikie. "Na nawaomba, akina mama. Jicho likichomwa na kijiti, mleteni mgonjwa hospitali siku ile ile. Msilikamulie majani. Mara nyingi kijiti kilikuwa kidogo. Kinachoua jicho ni majani."

Tulia alikuwa ameketi karibu na wifi yake. Alimwangalia Atuganile usoni, na uso ule ulikuwa umetulia, unasikiliza. Kisha akamtafuta baba yake upande wa wanaume. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, mtu anayejihesabia kosa lake. Kosa ambalo, Tulia alijua sasa, nusu yake haikuwa ya mzee.

Njia nzima ya kurudi alitaka kusema. Hakusema. Alijiambia atasema kesho.

Kesho yake mzee ndiye aliyemwita. Alikuwa amevimba miguu na kifua kilikuwa kinambana. Alijua hana misimu mingi.

"Gwe Tulia. Mwambie mke wa Ackson kwamba nikifa, macho yangu ni yake."

"Tata!"

"Nilimnyima kikohozi. Nimpe jicho."

Tulia akapeleka ujumbe. Atuganile aliilaza mikono mapajani. Mwisho akasema, "Wifi, muulize tata. Mimi sijawahi kumtazama. Nitakaaje na jicho lake kichwani mwangu? Si itakuwa mwiko?"

Mzee alilala na swali hilo, akaenda hata kuwauliza wenzake wa rika lake. Kisha akatuma jibu. "Mwambie maiti haina mkwe. Nikifa, njia yote ni yake, atembee katikati."

"Mwambie nimepokea," Atuganile akasema, na machozi yakatoka kwenye yale macho meupe. "Mwambie ndaga fijo, asante sana. Mwambie nikiona, kaburi lake ndilo nitakalolitazama kwanza."

Hayo yote yalipita kwa Tulia. Hakukuwa na shahidi mwingine. Nesi Hellen alipokuja nyumbani, mzee alimthibitishia kwa upande wake, jibu la Atuganile akalipokea kwa Tulia, na Hellen akamfundisha Tulia la kufanya siku itakapofika: funga kope, weka kitambaa kibichi, inua kichwa kwa mto, kisha njoo hospitali upesi, yowe lisipigwe kwanza. "Maana yowe likipigwa, dada yangu, kiwanja kitajaa watu. Nitapitaje na boksi langu mbele ya wazee, na habari hizi za ngozi? Zuia kilio chako kidogo tu. Nikimaliza, lia unavyotaka. Atafungwa macho kama aliyelala, hakuna atakayejua."

"Nitazuia," Tulia akasema.

Lakini tangu siku ile Tulia alianza kuhesabu. Yeye ndiye aliyekuwa anamwogesha mzee. Yeye ndiye aliyekuwa anamkanda miguu, anamwaga makojo yake, anamlisha uji kwa kijiko. Na mzee alipokuwa anapata nafuu ya kuzungumza, alikuwa anazungumzia nini? Macho ya mke wa Ackson. Kama kioo ni kisafi. Kama uzee haujakiharibu. "Tulia, niangalie vizuri, unaona ukungu?" Tulia alimwangalia ndani ya macho, akasema, "Hakuna ukungu, tata," na moyoni akasema, mimi ninayekutazama kila siku hunioni, unamtunzia macho mtu ambaye hata uso wako haujui.

Lilikuwepo na lile jingine, la chini zaidi. Atuganile akilazwa kwa daktari yule, ataulizwa jicho liliharibikaje. Naye si mwongo. Atasema kijiti, kisha atasema majani. Na majani yana mkono ulioyakamua.

*

Mzee alifariki asubuhi, Ackson akiwa Dar es Salaam na shehena ya ndizi. Alikunywa uji vijiko vichache, akasukuma kijiko, akaegemea ukuta kama anayetaka kukumbuka jambo. Tulia alimwita. Akamwita tena.

Alifanya yote aliyofundishwa. Alifunga kope, akalowesha kitambaa, akaweka mto. Pikapu ya jirani ilikuwa barabarani inapakia majani ya chai, na jirani alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba siku yoyote ataombwa. Tulia alijifunga kitenge, akatoka mlangoni. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha.

Upande wa pili wa kiwanja Atuganile alikuwa anaosha vyombo. Alisikia mlango, akainua uso.

"Wifi, tata ameamkaje?"

Macho mawili meupe yakamwelekea Tulia. Hayakuwa yanamwona, na yeye alijua hayamwoni, lakini alisimama kama aliyekamatwa. Barabara ilikuwa pale. Pikapu ilikuwa inaunguruma pale. Alichotakiwa kusema ni "ameamka salama," apite, aende.

Alifungua kinywa akapiga yowe.

Lilikuwa yowe la kweli. Baba yake amekufa, na alikuwa anampenda. Nani atamlaumu binti kwa kumlilia baba? Hata leo hakuna anayemlaumu. Lakini Tulia mwenyewe anajua kwamba kabla halijatoka, kulikuwa na kipindi kifupi, kama cha mtu kumeza mate, na katika kipindi hicho aliamua.

Migomba ikajibu, nyumba ya pili ikajibu, ya tatu ikajibu. Atuganile aliacha vyombo, akaanguka chini, akalia kwa sauti yake. Kabla pikapu haijaondoka kiwanja kilikuwa kimejaa. Wanaume wakaanza kukata miti ya turubai, wanawake wakatandika majani ya migomba na kuketi.

Mpaka hapo Mungu angeweza kusema, ni mtu, amezidiwa. Lakini Tulia alipewa nafasi ya pili. Kilio cha mzee kama Ambindwile hakikai Masukulu, kilifika Tukuyu. Jua lilikuwa halijapita utosi Nesi Hellen alipofika na boksi lake la barafu ndani ya kikapu, amelifunika kanga. Hakuingia. Alisimama nyuma ya ua, akatuma mtu amwite Tulia.

"Pole, dada. Nimeelewa, kilio hakizuiliki. Lakini muda bado tunao. Nisaidie watu watoke chumbani kidogo tu, useme namwosha. Daktari yuko tayari, kitanda cha wifi yako kiko tayari."

Tulia alitazama chini. Na kinywa chake, kile ambacho hakikuwahi kukosea neno, kikasema, "Mkwe amekataa."

"Nani?"

"Atuganile. Amesema hawezi kuvaa jicho la baba mkwe. Ni mwiko wetu, Hellen, wewe ni Mnyakyusa, unajua. Amesema afadhali abaki hivyo."

Hellen alimwangalia. "Niseme naye mwenyewe?"

"Yuko kwenye msiba. Unataka kumtajia macho ya mkwewe mbele ya wanawake wote hawa?"

Hellen hakuweza, na Tulia alijua hataweza. Alifunika kikapu chake vizuri, akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayesikitika na anayeheshimu kwa pamoja. "Basi kuna wakwe bado," akasema, akaondoka.

Tulia akarudi kwenye majani ya migomba, akaketi ubavuni pa Atuganile. Atuganile akapapasa, akampata mkono, akanong'ona, "Wifi. Wamekuja?"

"Wamekuja."

"Na?"

"Daktari amesema yamechoka. Uzee, wifi. Hayafai."

Atuganile akaubana ule mkono, akasema, "Masikini tata. Lakini aliahidi, na angeweza angetimiza. Na wewe umehangaika, wifi yangu. Pole." Tulia aliuacha mkono wake ushikwe. Ungekuwa moto ungemuunguza kidogo kuliko vile.

Ackson alifika jioni ya pili, mzee ameshawekwa kwenye jeneza. Kwaya iliimba, mchungaji akahubiri, udongo mwekundu ukafunika macho yale yaliyokuwa safi, yasiyo na ukungu.

*

Msiba ulipoanuliwa, Atuganile aliona, ikiwa neno ni hilo, kwamba watu wamebadilika. Wazee ambao hawakuwa na habari naye walisimama kumsalimu. Wanawake walimletea mbalaga, ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Alidhani ni kwa ajili ya msiba.

Baadaye Ackson alimchukua kwenye Fuso mpaka hospitali, kuuliza kama yamepatikana macho mengine. Nesi Hellen akamshika mikono yote miwili.

Jioni Atuganile alirudi, akaja jikoni kwa Tulia akipapasa ukuta, akaketi kwenye kigoda. Tulia alikuwa anamenya ndizi.

"Wifi, leo nimesifiwa."

"Na nani?"

"Na Hellen. Ameniambia mimi ni mkwe wa zamani, si kama hawa wa siku hizi wanaopishana na baba mkwe mlangoni kama basi na basi. Amesema ameisimulia habari yangu mpaka kanisani Bulyaga."

Tulia aliacha kumenya.

"Kisu kimesimama," Atuganile akasema. "Sioni, lakini kisu kikisimama nasikia."

"Wifi..."

"Ameniambia na daktari ameondoka. Amehamishiwa mkoa mwingine. Aliandika kwamba huku mila inakataza, akaenda kunakokubali. Ni mila yangu hiyo iliyokataza, wifi? Mimi niliyekutuma ukaseme nimepokea?"

Hapo Tulia alilia. Alisema ilikuwa hofu, habari za ngozi, watu wangesema amemuuza baba yake vipande. Atuganile alimwacha amalize.

"Hiyo umesema ya watu. Sema yako."

Tulia akasema ya majani.

Ndizi zilizotangulia motoni zilichemka mpaka maji yakakauka. Mwishowe Atuganile akasema, taratibu, "Nilijua ni majani. Tangu siku ile ya daktari uwanjani nilijua. Ulikuwa unanitibu, Tulia. Ningekulaumu kwa kunitibu?"

Hilo ndilo lililomvunja Tulia, na hajaungika mpaka leo. Angepigwa angepona.

Alikwenda mwenyewe kwa Hellen akaandikisha macho yake yachukuliwe akifa. Alirudi akamweleza wifi yake kama mtu anayeleta mbuzi wa fidia. Atuganile alicheka, kicheko kibaya. "Wewe ni mdogo kwangu, una afya ya punda. Nitakuwa nimeoza. Wape wengine, wapo wengi wanaongoja, umefanya vema. Mimi nirudishie langu."

"Lako lipi?"

"Neno langu. Nilisema nimepokea. Umewaambia watu nilisema nimekataa. Nenda kaseme."

Kwa maana Atuganile alikwisha jaribu kusema mwenyewe. Aliwaambia wanawake wa kanisani, "Mimi sikukataa." Wakatabasamu, wakasema mkwe mwenye heshima hajisifu. Alimwambia mumewe, na Ackson akakuna kichwa. "Mzee amezikwa, mama. Tumwache alale. Na mimi nitamshtaki dada yangu wapi?" Ndivyo mambo yalivyo: maneno ya mkwe na baba mkwe hupita kwa mpeleka maneno, na mpeleka maneno ndiye shahidi pekee. Akiyapindisha, ni yeye peke yake anayeweza kuyanyoosha.

Tulia aliahidi kusema Jumapili. Jumapili mvua ilikuwa kubwa. Akaahidi kusema Pasaka.

Mwaka uliofuata akafa Anyosisye, jirani wa ng'ambo ya kijito, mwanamke ambaye hajafikia hata uzee. Hellen alikuja na kikapu chake. Safari hii alizungumza na wanawe waziwazi, mbele ya wafiwa, kwa upole. Alisema daktari ameahidi kurudi siku ile ile atakapopigiwa simu kwamba familia imekubali. Kwenye baridi macho yanaweza kumngoja. Alisema wako wanaohitaji, na wa kwanza katika foleni ameketi pale pale msibani.

Mwana mkubwa wa Anyosisye alisikiliza. Alikuwa anaelekea kukubali. Uso wake ulionyesha. Kisha shangazi yake akasema, "Mwanangu, mke wa Ackson mwenyewe, kipofu, alipewa ya mkwewe akayakataa kwa heshima. Sisi tunaoona ndio tumkate mama yetu?" Na watu wakaitikia, kweli, kweli.

Atuganile alikuwa ameketi kwenye majani ya migomba. Aligeuza uso wake mpaka ukaelekea mahali Tulia alipokuwa, kwa pumzi zake alimjua, akangoja. Watu wote waliona anamwelekea wifi yake, wakadhani anataka maji.

Tulia alisimama. Akakohoa. Kikohozi kikavu, cha mtu anayesafisha koo apate kusema. Kina mama wakamtazama. Hellen akamtazama, ameshika kikapu.

"Baridi hii," Tulia akasema, akaketi.

Anyosisye alizikwa kesho yake na macho yake yote mawili. Daktari Anwari hakupigiwa simu. Atuganile bado anaoshea vyombo upande wake wa kiwanja, na kila asubuhi bado anasikia mlango wa Tulia ukifunguliwa, ila haulizi tena mtu ameamkaje.

Mzee Ambindwile hadaiwi. Alikosa kikohozi kimoja, akalipa kwa vyote alivyokuwa navyo. Daktari hadaiwi, wala Hellen. Anayedaiwa ni Tulia, na anadaiwa na wifi yake, na wana wa Anyosisye, na kila kipofu wa wilaya nzima ya Rungwe ambaye atanyimwa kwa kutajiwa jina la Atuganile. Hadaiwi macho. Anadaiwa maneno machache, yasemwe kwa sauti ile ile aliyopigia yowe, mbele ya watu wale wale: hakukataa, alipokea, mimi ndimi niliyesema uongo. Bado hajayasema.